Bamvua Tatu Hadi Mavuno: Jambiani na Shamba Lake la Baharini

Jambiani ni kijiji chembamba na kirefu. Kimejinyoosha kwa kilomita kadhaa kufuata ufukwe wa kusini mashariki mwa Unguja, kikiwa na Paje upande wa kaskazini na Makunduchi upande wa kusini. Nyuma ya nyumba huanza maweni, yaani jiwe la matumbawe ya kale lililoinuka juu ya bahari, ambalo udongo wake umejificha ndani ya mashimo na nyufa. Mtu hulima muhogo, mtama au kunde hapo kwa misimu michache, kisha huiacha ardhi ipumzike miaka kadhaa. Kwa hiyo tangu zamani watu wa huku wamekuwa na mashamba mawili: moja la mawe nyuma ya nyumba, na jingine mbele yake, ambalo hufunikwa na maji mara mbili kila siku.

Hilo la mbele ndilo mgeni asiloliona. Akifika ufukweni mchana wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, hukuta bahari imekwenda zake hadi kwenye mwamba, kilomita moja au mbili kutoka nchi kavu, na kuacha mchanga, vidimbwi na majani ya bahari. Kwake huo ni ufukwe mtupu. Kwa mwenyeji kuna njia, mipaka, vipande vyenye wenyewe na saa maalumu za kuingia na kutoka. Leo kitu kikubwa kinachopandwa humo ni mwani, mmea wa baharini unaouzwa ng'ambo. Na mtu hawezi kuelewa kwa nini mwani unawapa taabu wakulima wa pwani hii mpaka kwanza aelewe saa ya maji.

Saa ya maji

Bahari ya Zanzibar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo siku moja, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa mwezi na wa jua huwa katika mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini ikikaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo viwili huja maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu, pengine mita moja hivi. Wakati wa maji mafu mashamba mengi hubaki chini ya maji mchana kutwa na hakuna kazi ya maana inayofanyika.

Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 14 au 15. Mkulima hupata siku sita au saba za kazi katika kila bamvua, na katika siku hizo ana saa tatu au nne tu: huteremka maji yakiwa bado yanatoka, hupanda, hufunga, huvuna, na huondoka maji yanapomrudia magotini.

Jambo moja linaloamua mengi ni kwamba katika pwani ya Unguja kupwa kwa bamvua hakuji saa yoyote. Siku za mwanzo maji hufika chini kabisa karibu saa nne asubuhi, kisha saa tano, kisha saa sita na kuendelea. Kupwa kwa pili huja usiku. Maana yake ni kwamba bahari huwa chini kabisa katika saa zile zile jua linapopanda utosini. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha matatizo yote yanayofuata.

Kabla ya mwani

Ufukwe huu haukungoja mwani ndipo uwe na kazi. Wanawake wa Jambiani wamefukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani kizazi baada ya kizazi. Shimo huchimbwa mahali maji ya chumvi yanapofika kila siku, makumbi hupangwa ndani, hukandamizwa kwa mawe ili yasielee, na mawe yaleyale huwa alama ya mwenye shimo. Baada ya miezi kadhaa nyama ya kumbi inakuwa imelainika, nyuzi zikiwa bado imara. Hufukuliwa, hupondwa kwa gogo, huoshwa, huanikwa, na usumba unaopatikana husokotwa kamba kwa viganja. Anayefukua mapema mno hupata nyuzi zilizoshikamana na maganda na hupigana nazo siku nzima. Mahali pasipofikiwa vizuri na maji, makumbi huoza badala ya kulainika.

Wanawake pia waliokota chaza na kombe, na kusaka pweza kwenye mashimo ya mwamba kwa kijiti. Wanaume walikwenda na ngalawa, wakatega madema, wakapita milango ya mwamba kwenda bahari kuu. Mgawanyo huu ni muhimu. Mahali panapofikika kwa miguu palikuwa pa wanawake na mahali panapohitaji chombo palikuwa pa wanaume. Mwani ulipoingia, uliangukia moja kwa moja kwenye sehemu ya wanawake.

Utafiti wa kilimo hiki nchini Tanzania ulianzia miaka ya 1970 na 1980, hasa kwa juhudi za Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mashamba ya biashara Unguja yalianza mwaka 1989 huku huku pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wanaume walilima nao mwanzoni. Wengi waliacha bei ilipoonekana haipandi na kazi za hoteli na ujenzi zilipoanza kulipa zaidi, na leo zaidi ya asilimia 80 ya wakulima wa mwani Zanzibar ni wanawake.

Shamba linavyojengwa

Mahali pazuri ni penye mchanga mgumu kiasi, mkondo wa wastani na maji yasiyokauka kabisa hata siku ya bamvua kali. Pasipo na mkondo, mwani hukosa virutubisho na hushikwa na uchafu. Mkondo ukizidi, mwani hukatika. Penye majani mengi ya bahari ni lazima yang'olewe kwanza, na hilo si jambo jema, kwa kuwa majani hayo ndiyo maficho ya samaki wadogo na malisho ya kasa. Mkulima makini hutafuta vipara vya mchanga katikati ya majani.

Vigingi ni vijiti vya urefu wa sentimita 50 hadi 60. Shimo hufunguliwa kwa mtaimbo, kisha kigingi hupigwa kwa jiwe mpaka karibu nusu yake iwe chini. Kati ya vigingi viwili hukazwa kamba ya plastiki ya mita 4 hadi 5, ikining'inia sentimita 20 hadi 30 juu ya mchanga. Kamba ikiwa chini mno, mwani ukikua hulala mchangani, husuguliwa na kuoza. Ikiwa juu mno, hubaki hewani maji yakitoka. Kwenye kamba hufungwa vikamba vidogo, ambavyo wakulima huviita taitai, kila baada ya sentimita 20, na kila kimoja hushika tawi la mbegu la gramu 100 hivi, yaani la kujaza kiganja. Fundo linatakiwa kuwa legelege. Likikazwa, hukata shina mawimbi yanapolitikisa, na hii ndiyo hasara ya kwanza ya kila mkulima mpya: anarudi bamvua inayofuata na kukuta taitai tupu.

Kufunga mbegu kwenye kamba kunaweza kufanywa nchi kavu, chini ya kivuli, maji yakiwa yamejaa. Kamba hurudishwa shambani ikiwa tayari imejaa mbegu, na hapo mkulima hutumia saa zake tatu za bamvua kwa kazi ambazo haziwezi kufanyika kwingine. Lakini mbegu ikae kwenye beseni la maji ya bahari au chini ya gunia lililoloweshwa. Nusu saa juani inatosha kuidhoofisha.

Mwani uliopandwa vizuri huongezeka kwa asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake kila siku. Ukipandwa katika bamvua moja, huvunwa bamvua ya tatu baada yake, siku kama 44. Tawi la gramu 100 huwa limefika gramu 700 hivi. Wengi huvuna katika bamvua ya pili kwa sababu ya shida ya fedha au kwa kuogopa kuibiwa au kupoteza zao. Mwani huo wa mwezi mmoja bado ni mchanga, uzito wake ni maji matupu, na ute wanaoutafuta wanunuzi haujakomaa ndani yake.

Ute huo huitwa karajinani, na ndio sababu ya mwani kusafirishwa ng'ambo. Viwandani hutumika kuzitia uzito na kuzishikamanisha aiskrimu, dawa za meno, nyama za makopo na vipodozi. Kuna aina mbili za mwani zinazolimwa, na hapa ndipo bei hugawanyika. Spinosamu, jina lake la kitaalamu Eucheuma denticulatum, una miiba midogo na hutoa ute laini. Kotonii, au Kappaphycus alvarezii, ni mnene na laini kuushika, hutoa ute unaoganda kwa nguvu, na bei yake mara nyingi ni mara mbili ya spinosamu au zaidi. Kila mkulima wa Jambiani anajua kotonii unalipa vizuri, na bado karibu wote wanapanda spinosamu.

Jua, na maji yasiyo na kina

Mwani hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za selsiasi. Bahari kuu nje ya mwamba haiko mbali sana na kiwango hicho. Ndani ya mwamba, maji yaliyobaki baada ya kupwa ni ya magotini au ya kifundo cha mguu, yametulia, na jua la saa sita linayapiga moja kwa moja. Katika kaskazi, yaani msimu wa joto, siku isiyo na upepo hupindukia nyuzi 33. Kotonii haivumilii hali hiyo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukifa karibu kila mahali ulipopandwa kwenye maji ya kina kifupi Unguja. Spinosamu huvumilia zaidi, lakini nao una mpaka.

Ugonjwa wenyewe huonekana hivi: ncha au katikati ya shina hubadilika rangi na kuwa nyeupe kama barafu, hulainika, kisha shina hukatika hapo na mkondo ukalichukua. Bakteria wanahusika, ila hao wapo majini siku zote na hushambulia mwani uliokwisha kuchoka. Joto huuchosha. Mvua kubwa ya masika, inayopunguza chumvi ya maji ya kina kifupi, huuchosha pia. Nyuzinyuzi nyembamba za mimea mingine zinazojisokota kwenye matawi huuziba usipate mwanga na mkondo. Anayeona weupe afanye mambo mawili siku hiyo hiyo: avune vyote vilivyo vizima hata kama havijakomaa, na asichukue mbegu yoyote kutoka kwenye kamba hiyo. Kosa la kukata sehemu nyeupe na kuipanda tena sehemu iliyobaki ndilo linaloueneza ugonjwa kwa majirani.

Mwezi wa tatu ni mbaya kuliko yote, na sababu zake zinapangika vizuri mtu akizitazama pamoja. Jua liko karibu na utosi. Maji ya bahari yamepata moto wa miezi yote ya kaskazi. Upepo unalegea kati ya kaskazi na kusi (msimu wa upepo wa kusini), hivyo maji hayachanganyiki. Na bamvua za machi na septemba ndizo kubwa kuliko zote mwakani, kwa hiyo maji hutoka mbali zaidi na kuacha mashamba wazi kwa muda mrefu zaidi, tena mchana. Kisha masika hufuata mara moja na maji yasiyo na chumvi. Septemba ina bamvua kubwa vilevile, lakini bahari imepoa kwa kusi, na mwani hupona.

Hapo ndipo fundo lilipo. Maji machache yanayomwezesha mwanamke kufika shambani kwa miguu yake, bila chombo na bila kuomba ruhusa ya kutumia cha mtu, ndiyo hayo hayo yanayochemka. Kilichompa shamba ndicho kinachomchomea zao. Ushauri wa "hamieni kwenye kina" hutolewa kirahisi mno na watu wasiofikiria gharama yake.

Kuhamia kwenye kina kunataka nini

Kwenye maji ya mita 2 hadi 6 mwani hautegemei kamba za vigingi. Huning'inizwa kwenye kamba ndefu zinazoelea, zenye maboya juu na nanga mbili nzito, au hutiwa ndani ya neti ndefu za umbo la bomba ambazo huzuia matawi yaliyokatika yasichukuliwe na maji. Neti hizo zimefanyiwa majaribio Zanzibar chini ya Dk. Flower Msuya, wakati huo mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, na zilionyesha kuwa kotonii unaweza kuota tena mahali ambapo vigingi vilishindwa. Maji huko ni baridi zaidi na hayategemei bamvua: mtu anaweza kufanya kazi hata wakati wa maji mafu.

Lakini anahitaji chombo, ama cha kwake ama cha kukodi kila anapokwenda. Anahitaji watu wawili au watatu, kwani kamba iliyojaa mwani haivutwi na mtu mmoja ndani ya mtumbwi. Anahitaji kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hii, waliozaliwa hatua chache kutoka baharini, hawakufundishwa. Na nguo ya heshima ya kazini, iliyofaa maji ya magotini, huwa mzigo wa hatari mtu akianguka kwenye kina. Mafunzo ya kuogelea, jaketi za kuokolea na mavazi ya kubana ya mwili mzima ni zana za kilimo hapa kama ulivyo mtaimbo. Mradi unaogawa neti na kusahau hayo umewapa wanaume shamba jipya.

Mfano wa kuwa jambo hilo linawezekana upo Jambiani kwenyewe. Wapo wanawake waliojifunza kuogelea na kutumia miwani ya maji kwa ajili ya ufugaji wa sifongo, viumbe wa baharini wanaotumika kuogea: vipande vya sifongo hupitishwa kwenye kamba, huning'inizwa majini ndani ya mwamba, husafishwa mara kwa mara visishikwe na mimea, na huvunwa baada ya kukua kwa miezi mingi. Ni wachache, na kazi hiyo haiwezi kubeba kijiji. Faida yake kubwa imekuwa kuvunja ile dhana kwamba kina ni cha wanaume.

Hesabu ya kamba mia

Hebu tupige hesabu ya mwanamke mwenye kamba 100, kila moja ikiwa na taitai 20. Mambo yakienda vizuri, kamba moja hutoa kilo 14 za mwani mbichi. Kilo 2 hurudi kuwa mbegu, zinabaki 12. Mwani hupungua mara saba hadi kumi ukikauka. Tukichukua mara nane, kamba moja imetoa kilo moja na nusu. Kamba 100 zimetoa kilo 150 kavu kwa mwezi mmoja na nusu.

Bei ya spinosamu kwa miaka mingi imekuwa ya mamia ya shilingi kwa kilo. Tuseme ni shilingi 600: mavuno yote ni shilingi 90,000. Na ili azipate amebeba kilo 1,200 za mwani mbichi, yaani zaidi ya tani moja, kichwani au kwa kuburura magunia kwenye maji, umbali unaoweza kufika kilomita. Hapo hatujagusa macho yanayouma kwa mng'aro wa maji, mgongo, wala miiba ya samaki aina ya taa. Kamba na taitai mara nyingi hutolewa na mnunuzi kwa sharti la kumuuzia yeye peke yake, na hivyo mkulima hana nafasi ya kutafuta bei nyingine.

Kitu ambacho kiko mikononi mwake ni ukaushaji. Mwani ukianikwa mchangani huokota mchanga na maganda, na mnunuzi hupunguza uzito au bei. Uanikwe juu ya meza ya vijiti, neti au makuti, kwa tabaka jembamba, ugeuzwe mara mbili tatu kwa siku, siku mbili hadi tatu za jua. Mvua ikinyesha ufunikwe haraka: maji ya mvua huosha chumvi, ute huvuja nao, na mwani hubaki mweupe usio na thamani. Uliokauka vizuri hupindika kama mpira bila kutoa maji mkononi, ukiwa na unga wa chumvi juu yake. Hukung'utwa, hutiwa kwenye magunia, na huwekwa juu ya mbao, si sakafuni, kwa kuwa chumvi yake hunyonya unyevu wa hewa.

Njia nyingine ya kuongeza thamani ni sabuni, ambayo vikundi kadhaa vya wanawake wa Paje na vijiji vya jirani hutengeneza. Kwa kilo moja ya mafuta ya nazi hutumika gramu 174 za kostiki soda, gramu 350 za maji na gramu 20 hadi 30 za unga laini wa mwani. Soda hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya soda, kwa sababu huruka na kuunguza. Chombo kiwe cha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na soda. Vikipoa hadi vuguvugu huchanganywa na mafuta na kukorogwa mpaka viwe vizito kama uji, kisha hutiwa unga wa mwani na mafuta ya karafuu au mchaichai. Sabuni ya nazi huwahi kukaza, hivyo ikatwe siku hiyo hiyo, la sivyo hupasuka. Kisha ikae wiki nne kwenye hewa kabla ya kuuzwa. Kilo chache za mwani hutoa mamia ya vipande, ambalo ni jambo zuri kwa kikundi, ila ndiyo sababu sabuni haiwezi kumaliza tani zinazovunwa kijijini.

Mbegu ndiyo suala linaloweza kushughulikiwa kwa gharama ndogo kuliko yote. Mwani wa huku haupandwi kwa punje. Kila tawi ni kipande cha tawi lililotangulia, kurudi nyuma hadi mizigo michache iliyoletwa kutoka Ufilipino, na kukata huko kwa miongo zaidi ya mitatu kumeufanya ukue polepole na kuugua kwa urahisi. Wanaochagua mbegu huchukua ncha changa, zenye rangi iliyokolea, kutoka kwenye kamba zilizokua vizuri kuliko nyingine, na huzitenga kabla ya kuvuna. Wengi hufanya kinyume: huuza matawi makubwa na kupanda makombo. Kikundi chenye chombo kimoja tu cha kushirikiana kinaweza kuweka kamba kumi au kumi na tano za mbegu kwenye kina mwishoni mwa januari, kabla maji hayajapata moto, na kuzirudisha kwenye vigingi kusi ikishaanza kuvuma. Kamba za ufukweni zikifa mwezi wa tatu, mbegu ya kuanzia upya inakuwepo, na hakuna anayelazimika kusafiri hadi kijiji kingine kununua magunia ya matawi ambayo hajui yametoka kwenye shamba zima au shamba gonjwa.